Mzee Breki Haumwi

Fundi alitoka kiwandani mbio, futi ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. Alipofika wodini alimkuta baba yake amelala ubavu, magoti kayakunja hadi tumboni, mkono umekamata chuma cha kitanda utadhani usukani. Mto ulikuwa umelowa jasho. Fundi alimwamkia, na mzee akaitikia kwa sauti yake ya siku zote, kisha akamuuliza kama amekula.

Watu walimwita Mzee Breki. Alikuwa ameendesha malori ya safari ndefu mpaka akastaafu, na hakuna aliyewahi kumwona akihangaika. Siku mkewe alipofariki, aliwapokea waombolezaji mlangoni huku akiwauliza habari za watoto wao. Fundi, binti yake, alimpenda kwa tabia hiyo, na kwa tabia hiyohiyo mara nyingine alitamani kumtikisa.

Pale mlangoni mwa wodi, daktari wa upasuaji alikuwa ameshamweleza bila kupindisha maneno. Kidole tumbo kimevimba na kinakaribia kupasuka. Kikipasuka, usaha utamwagika tumboni, na kwa umri wa mzee huenda asiamke. Aliandika kuwa ni dharura, akamwachia fundi neno moja kabla ya kukimbilia kwa mgonjwa mwingine: "Akiumwa, tunajua tulipo. Maumivu yakiisha ghafla, niite."

Neno dharura fundi alilijua vizuri. Kiwanda kilipowaingiza mafundi wake kwenye bima, waliketishwa ukumbini wakaelezwa maneno yake yote. Rufaa, kwamba hujiendei tu kwa bingwa mpaka daktari wako wa kwanza akutume. Hospitali za mkataba, kwamba ukitibiwa nje ya hizo utajijua mwenyewe. Kibali, kwamba kampuni iridhie kwanza ndipo upasuliwe, na kuridhia kwao kuna foleni yake. Na dharura, ambayo haisubiri kibali cha mtu. Wenzake walisinzia. Yeye alikaa macho, maana baba yake alikuwa ameandikishwa chini yake kama mtegemezi.

Basi mbona hawaji kumchukua? Fundi alishuka hadi dirisha la bima, ambako binti mmoja mwenye viatu vya visigino alikuwa akibofya kompyuta.

"Huyu si dharura tena, dada," alisema binti wa bima. "Imebadilishwa. Sasa ni upasuaji wa kupangwa. Tunasubiri kibali."

"Nani kabadilisha?"

"Kampuni. Daktari wao alimpigia mgonjwa simu kuhakiki. Alimuuliza, mzee, unaendeleaje. Mgonjwa kasema salama, anamshukuru Mungu."

Na mzee angejibu nini? Muulize habari mtu aliyevunjika miguu yote miwili, atakuambia nzuri, na habari ya miguu itafuata baadaye, tena ukimbana. Mtu mzima haanzi na shida zake. Kampuni nzima imejaa watu waliolelewa kujibu hivyohivyo, na bado wakachukua jibu la salamu wakaliandika kuwa ni hali ya mgonjwa! Ni upumbavu wa kiwango chake.

"Mpigie huyo daktari," fundi alisema. "Twende na simu mpaka kitandani."

"Siruhusiwi kuacha dirisha."

"Baba yangu anakufa kwa adabu, mdogo wangu. Nakuomba."

Binti wa bima alimtazama, akatazama kompyuta, akainuka.

Wakiwa kwenye ngazi simu ilikuwa tayari inaita. Walipofika kitandani, fundi aliinama sikioni kwa baba yake. "Tunampigia daktari wa bima. Mwambie unaumwa. Usimwambie kitu kingine."

"Nikamlilie mtu nisiyemjua?"

"Mlilie, baba."

"Huo utoto," alisema mzee, akafumba macho.

Sauti ikatoka kwenye simu, ya kijana mpole. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kazi zinakwendaje?"

"Nashukuru. Mzee, pole. Unajisikiaje?"

"Salama tu."

"Msimsikilize huyu," fundi aliingilia. "Amekuwa akijikunja tangu asubuhi."

"Dada, naomba mgonjwa aseme mwenyewe, ndio utaratibu. Mzee, maumivu ni makali?"

"Yalikuwepo kidogo," alisema Mzee Breki. "Lakini sasa hivi yameisha. Nasikia raha kabisa."

Fundi alifungua mdomo amfokee, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akauona ule mkono. Ulikuwa umeachia chuma, umelala wazi juu ya shuka. Magoti yalikuwa yamenyooka. Baba yake alipokuwa akificha jambo, taya lilikaza, na fundi alilijua taya lile tangu utotoni. Sasa lilikuwa limelegea. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na mzee alikuwa akisema kweli tupu.

"Daktari," alisema, "safari hii hajasema kwa adabu. Maumivu yameisha kweli. Yameisha ghafla, hapa hapa, tukiwa tunaongea."

Sauti ya simuni ilijibu, upole umeiondoka. "Nani wa dirisha yuko hapo?"

"Mimi," alisema binti wa bima.

"Rudisha dharura. Usingoje uione kwenye kompyuta, nimesema mimi. Mwite daktari wa upasuaji. Kimbia."

Binti wa bima alivua viatu vyake, akakimbia peku.

Wauguzi walipokisukuma kitanda kwenye korido ndefu, Mzee Breki aliwaonya wapunguze mwendo kwenye kona, wasije wakagonga ukuta. Mlango ukafungwa. Fundi alibaki kwenye benchi akiizungusha futi kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi, akiomba, akimlaumu baba yake, kisha akiomba tena asamehewe kwa kumlaumu.

Daktari wa upasuaji alipotoka alivua kofia polepole. "Kilikuwa kimepasuka. Tumesafisha tumbo lote. Mngechelewa kidogo..."

Mzee aliamka jioni. Muuguzi alimwinamia. "Mzee, unaendeleaje?"

Fundi aliliona taya likianza kukaza. Aliliona lile jibu likija, limeshafika mdomoni. Mzee akageuza macho, akamtazama binti yake, macho yake mekundu, futi yake shingoni.

"Naumwa," alisema, kwa shida, kama dereva anayemkabidhi mwenzake funguo za lori. "Naumwa sana, mwanangu."

Muuguzi aligeuka kutayarisha sindano. Fundi alilia palepale, bila kujificha.

"Na wewe," mzee alimuuliza muuguzi, "hujambo?"