Chuma Ndani ya Mkate

Breki alikuwa mwalimu wa udereva, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake mwenyewe. Kutwa alikaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, akisubiri makosa ya watu. Aliyajua kabla hayajatokea. Mtu akianza tu kuushika usukani kama anayeshika mkia wa ng'ombe, Breki alishajua ni kona ipi itamshinda. Kwa hiyo kuchanganyikiwa hakukuwa kawaida yake, mpaka alipoachiwa mashine ya mkate na mama mkwe kwa wakati mmoja.

Mashine, ya aina inayokanda unga na kuoka yenyewe, ilikuwa ya mkewe, mpima ardhi, mwanamke ambaye hata chumvi ya mboga aliipima. Mama yake mzazi alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, waliamua akae kwao mpaka macho yapone, kwani kliniki ilikuwa jirani. Daktari alikuwa amemkataza chumvi nyingi, na mkate wa dukani ulikuwa na chumvi, basi nyumbani wakawa wanapika wa kwao. Mambo yalikwenda vizuri. Halafu mkewe akatumwa kazini mbali, kupima mashamba huko ambako simu hushika mtandao ukipanda kilimani.

Kabla hajaondoka alimsimamisha mumewe jikoni.

"Maji kwanza, na mafuta. Kisha unga. Chumvi kidogo pembeni. Hamira mwisho kabisa, juu ya unga, isiguse maji kabla ya wakati wake. Pima, usikadirie. Na ukishabonyeza, usifunue funue."

"Mke wangu, mimi nafundisha watu kuendesha magari."

"Ndiyo maana naogopa," mkewe akasema, akambusu, akaondoka.

Mikate ya mwanzo ilitoka laini, yenye mgongo wa dhahabu. Mama mkwe alikula taratibu, kanga mabegani, na dawa yake ya macho mezani. "Baba," alimwambia, "huu mkate hautaki hata meno." Breki alikwenda kazini siku hiyo kifua mbele kama aliyepata mtoto wa kiume.

Kisha mambo yakageuka.

Jioni moja alifungua mashine akakuta mkate mfupi, mzito, uliojikunyata chini ya bakuli. Aliugonga kwa ukucha ukalia ko! Akajiuliza: maji ni yale yale, unga ni ule ule, kitufe ni kile kile. Labda hamira imelala. Akanunua hamira mpya. Mkate uliofuata ulivimba ukagusa kifuniko, halafu katikati ukadidimia kama kofia iliyokaliwa. Uliofuata huo ukatoka mzuri kabisa, bila yeye kubadilisha chochote, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Mkate mbaya una sababu, lakini huu mzuri ulitoka wapi? Halafu wa baada yake, tofali tena.

Alibadilisha unga. Akaihamisha mashine kutoka dirishani, akidhani ni upepo. Akampigia mkewe.

"Umeweka hamira kabla ya..." sauti ikakatika.

"Kabla ya nini?"

"...si nilikwambia lakini!"

"Uliniambia nini?"

Simu ikakata. Akabaki ameishika sikioni, akitazama mashine, na mashine ikimtazama kwa taa yake moja nyekundu.

Siku nyingine alirudi akakuta bakuli la mashine limefunikwa kwenye chanja cha vyombo. Aliligeuza. Ndani, mahali palipokuwa peusi, palimetameta kama kioo. Aliona hata pua yake mwenyewe.

"Shikamoo mama. Bakuli hili..."

"Marahaba, baba. Nimelisugua kwa waya. Lilikuwa na masizi hilo, jeusi tii! Mlikuwa mnakulaje? Sasa macho yangu yanaona, uchafu haunifichi tena."

Breki alijua ule weusi haukuwa masizi. Ulikuwa utando wa kuzuia unga usigande, na mkewe aliupangusa kwa kitambaa laini tu, kama anayefuta uso wa mtoto. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Utamwambia nini? "Ahsante sana mama, umetusaidia," akasema, kisha akatoka nje kuvuta pumzi.

Tangu siku hiyo mkate ulianza kung'ang'ania. Aliutoa kwa kutikisa, kupiga kiganja, kuomba Mungu. Ulitoka umechanika ubavu mzima.

Alimweleza mwalimu mwenzake, mzee wa malori, walipokuwa wakipanga viguzo vya plastiki uwanjani kwa mazoezi ya kuegesha.

"Muulize mkweo," mwenzake akasema.

"Nimuulize nini? 'Mama, unaharibu mkate?'"

"Haya basi, usimuulize."

"Sasa nifanye nini?"

"Kula mkate," akasema mwenzake, akaenda kuchukua kiguzo kingine.

Siku ile ile aliwahi kurudi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na kutoka ukumbini alimwona mama mkwe ameinama juu ya mashine. Kifuniko kilikuwa juu. Mkono wake ulikwenda ndani, ukarudi, kifuniko kikashuka polepole bila sauti, kama mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga.

Breki alirudi kinyumenyume kwa ncha za vidole. Akatoka nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi, akafika getini, akakohoa kwa nguvu, akaingia upya. Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni, anapepesa macho.

"Umerudi, baba?"

"Nimerudi, mama."

Jikoni mashine, aliyoitegea saa tangu asubuhi, ilikuwa ikinguruma.

Kichwani mwake mambo yakawa kizungumkuti. Kwa nini afunue kwa kificho? Anamjaribu? Anataka binti yake akirudi akute mume asiyeweza hata kubonyeza kitufe? Alikumbuka siku ya posa. Mama huyu ndiye aliyeuliza, "Mwalimu wa wapi?" na alipoambiwa, akauliza tena, "Wa magari?" Breki alikuwa ameshasamehe swali hilo. Usiku ule aligundua kwamba hakuwa amesahau.

Kesho yake aliwahi kazini, akaacha mkate ukipoa jikoni bila kuukata. Aliporudi mchana alimkuta mama mkwe amekaa ukingoni mwa kochi. Amevaa nguo za kutokea, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mkoba mkubwa miguuni. Mezani kulikuwa na mkate umekatwa nusu. Kisu kilikuwa kimekwama. Katikati ya nyama nyeupe ya mkate kilichungulia kipande cha chuma.

Kilikuwa lile pezi dogo la mashine, linalozunguka chini ya bakuli kukanda unga. Lilikuwa limeng'oka na kuokwa humo humo.

"Mama! Kulikoni?"

"Keti, baba." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimtisha. "Sina ugomvi na wewe. Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Mkate."

Breki alitazama mkate, akamtazama mkwewe, akarudi kwenye mkate. Yeye alikuwa hajauelewa hata kidogo.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama mkwe akaendelea. "Nimekaa zaidi ya hapo. Mwanzo ulinipa mkate laini. Ukaja mgumu. Nikasema labda kazi imemchosha. Ukaja uliochanika. Nikanyamaza. Leo nakata, nakuta chuma. Kesho utaniwekea nini, misumari? Mtu muungwana hasemi ondoka. Anaonyesha. Na mimi macho yamepona, naona."

Kicheko kilimtoka Breki kabla hajakizuia, na papo hapo akaona haya hata masikio yakawa moto. Akapiga goti mbele ya kochi.

"Mama yangu, haki ya Mungu, mimi mkate wenyewe sijui unapikwaje! Nimenunua hamira mpya, nimebadilisha unga, nimehamisha mashine. Mimi nilidhani..." Akasita.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Nilikuona unafunua."

Mama mkwe alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Nilifunua," akasema. "Baba, miaka mingi nimeona dunia kama iko ndani ya maziwa. Sura ya mwanangu mwenyewe niliijua kwa sauti. Sasa nimekaa pale jikoni, naona unga unazunguka, unajikusanya, unavimba kama unapumua. Nikashindwa kujizuia. Kisha nikaona mkavu. Siku nyingine unapasuka kwa ukavu. Nikasema, mkwe wangu anakosea vipimo, na mkwe haambiwi. Nikatia maji kidogo. Siku nyingine nikazidisha."

"Na siku nilizokuta tofali?"

"Labda siku hizo nilipitiwa na usingizi."

Breki aliketi chini kabisa, sakafuni. Kumbe mikate mizuri ilikuwa ya mama. Lakini hilo nalo halikumaliza jambo, maana unga ulikuwa mkavu kwa nini? Yeye alipima. Hakuwahi kukadiria.

Aliinuka ampokee mkoba aurudishe chumbani. Uzito wake ulimvuta bega.

"Mama, umebeba nini humu?"

Mama mkwe alitazama pembeni. "Mikate."

"Mikate?"

"Ile migumu. Nilikuwa nawapelekea wajomba wa mkeo waione kwa macho yao. Ukisema maneno tu watakuambia mzee anazeeka."

Hapo walicheka wote wawili, mama mkwe akifuta machozi kwa uangalifu kwa sababu daktari alimkataza kuyasugua macho.

Wakaingia jikoni pamoja. Breki aliliweka bakuli kwenye meza. Akamwaga maji kutoka kwenye jagi la mistari, akaweka mafuta, akachukua kikombe cheupe kupima unga.

"Ngoja," mama mkwe akasema. "Hicho si kikombe chako."

"Ndicho hiki, mama."

"Hicho nilikiweka mimi. Chako kina mistari kwa ndani, nimekichukua kupimia maji ya kumezea dawa. Nikasema nisiache pengo, nikaweka kingine kinachofanana."

Alikwenda chumbani akarudi nacho. Viwili hivyo vilikuwa vyeupe, mpini mmoja, umbo moja. Breki alijaza unga kile alichowekewa akaumimina kwenye chake chenye mistari, na unga ukafurika mezani. Siku zote hizo alikuwa akipima maji kwa haki na unga kwa ukarimu.

"Basi ni mimi," mama mkwe akasema, sauti imeshuka.

"Ni kikombe, mama."

"Kikombe hakina miguu."

"Na mimi sina macho? Nimekishika kila siku."

Alimweleza na habari ya bakuli, kwamba ule weusi ulikuwa utando wake. Aliogopa, lakini alisema. Mama mkwe akashika kinywa. "Na ukaniambia ahsante!" akasema. "Baba, siku nyingine nikiharibu, niambie. Mimi ni mama, si bomu." Kisha yeye mwenyewe akalipaka bakuli mafuta kwa vidole, kila pembe, ili unga usigande, na pezi wakalichomoa kwenye mkate, wakaliloweka maji ya uvuguvugu, wakalisafisha tundu lake kwa kijiti cha kuchokolea meno na kulirudisha mahali pake.

Walipima. Walibonyeza. Wakavuta viti, wakakaa, mama mkwe ameikalia mikono yake isije ikafunua. Nyumba ikajaa harufu nzuri, na walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuzungumza, hata habari ya posa. Mama mkwe alisema aliuliza "wa magari?" kwa sababu hakusikia vizuri. Breki hakujua kama aamini. Aliamua kuamini.

Mashine ilipolia, alifungua. Mkate ulitoka bila kuchanika, rangi nzuri, laini ukiubonyeza. Ila upande mmoja ulikuwa umeinama kabisa, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Waliuzunguka.

"Maji?" mama mkwe akauliza.

"Sawasawa."

"Hamira?"

"Juu ya unga."

"Sikufunua."

"Nilikuwa nakutazama, mama, hukufunua."

"Sasa hapa nani kakosea?"

"Sijui kwa kweli."

Simu ikaita. Mkewe alikuwa amepanda kilimani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika safi. Breki alikuwa na kisu mkononi, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyepokea.

"Hatujambo, mwanangu. Tunapika." Akasikiliza. "Ndiyo, mimi na mumeo. Umetoka, ila umeinama upande." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, akitikisa kichwa. Kisha akaiondoa simu sikioni, akaiziba kwa kiganja.

"Anauliza kwa nini."

"Mwambie hatujui," Breki akasema, akamkatia kipande cha upande mrefu.