Onja Kwanza

Wapiga filamu walipokuja Kitale na sinema yao ya vita vya maroboti, kila mara roboti kuu lilipogoma waliniita mimi, Nelima, fundi wa redio. Kwenye filamu lilikuwa likinyonga watu. Walipomaliza waliniachia likiwa bovu. Nikalifufua, nikalipeleka Bungoma limsaidie mama yangu, Nabwile, ambaye miguu ilikuwa imemkataa.

Mama alikataa katakata. "Ati nikunywe uji ya mashini yenye iliua watu? Hata haionji!"

Kwetu anayekuletea kinywaji hukionja mbele ya macho yako, ujue hakina sumu. Katika hilo mama hakuwa na mzaha, hata na askofu. Basi nikalifunza roboti desturi hiyo. Likawa linainua kikombe, linakigusisha mdomo wa bati, uji unachuruzika kifuani, kisha linasema kwa ile sauti yake ya sinema, "Nimeonja, mama." Nywele zilinisimama kila mara. Mama alicheka, akanywa.

Kaka yangu Levi alikuwa amemsumbua mama mwezi mzima auze shamba la Kapsokwony. Mama alimjibu mara moja tu: "Ngoja nikufe kwanza, ndio uuze."

Jumapili, baada ya ibada, Levi alikuja na chai kwenye thamosi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani humfikiria hivyo ndugu wa tumbo moja? Akamimina kikombe, mama akanyoosha mkono. Mkono wa bati ukapita katikati yao, ukakishika.

Roboti likamgeukia Levi. "Onja kwanza."

"Nelima, zima hii takataka yako!"

Nilibonyeza swichi ya mgongoni. Macho yake yakazimika, lakini mkono haukulegea.

"Onja kwanza," likarudia gizani mwake.

"Si uonje tu, mwanangu," mama akasema polepole. "Ni chai."

"Nimeshiba, mama."

"Kidogo tu, Levi."

Jasho lilimtoka kaka yangu. Akanyakua thamosi, akapokonya na kile kikombe, akatoka bila kwaheri. Simu yake imezimwa hadi leo. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

Roboti lile halina pua wala ulimi. Halijui sumu ni nini. Lilijua desturi tu, na aliyelifunza ni mimi.

Jioni nilimpikia mama chai kwa mikono yangu. Nilipompelekea, yale macho ya roboti yaliwaka kule pembeni, na swichi sikuwa nimeigusa.

"Nelima," mama akasema, "onja."

Mimi, niliyemwogesha na kumbeba! Iliniuma mpaka mfupani. Nikanywa funda kubwa, nikampa. Mama akapokea kikombe kwa mikono miwili, akawa ananitazama usoni, anangoja, hadi chai ikapoa.