Rubani Abaki Nyumbani

Kinyozi yule watu walimwita Rubani, na ndege hajawahi kuipanda hata mara moja. Jina alilipata kwa mdomo wake. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla mashine haijagusa kisogo umeshafikishwa Bangkok. Akimaliza ndevu mnarudi kwa kupitia Istanbul. Alisoma magazeti ya zamani, alitazama televisheni, na palipobaki pengo alipaziba mwenyewe. Wateja walijua anatia chumvi, lakini nani anapenda mchuzi uliopooza?

Kibanda chake kiligawanywa kwa pazia. Mbele kulikuwa na kiti na vioo, nyuma kulikuwa na cherehani ya mkewe. Mke huyo alikuwa fundi hodari, mkimya, na mdomoni kila mara ana pini mbili tatu. Mtu angeweza kunyolewa pale mwaka mzima asiisikie sauti yake.

Basi bahati ikaja, ikampita mwenye maneno, ikaingia nyuma ya pazia. Kikundi kimoja cha ngoma kilialikwa kucheza katika nchi za Asia, kuanzia India hadi Japani, kisha kivuke mpaka Australia. Mavazi yao yalichanika kila walipocheza, na kiongozi wao akasema bila fundi hawatoki. Fundi wao ni nani? Mke wa Rubani.

"Na wewe umekubali?" Rubani aliuliza.

"Nimekubali. Kwani wewe ungekataa?"

Siku ya safari alimbebea begi huku akitabasamu kama mtu aliyeng'ata ndimu akaambiwa aseme ni tamu. Moyoni alikuwa anawaka. Ndoto aote yeye miaka yote, halafu kuamka huko ng'ambo aamke mwingine!

Ujumbe wa kwanza wa sauti ulifika asubuhi, kiti kina mteja na benchi limejaa. Rubani akaufungua bila kufikiri.

"Baba watoto, hapa India watu wanatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au ni hapana. Nimemuuliza muuza vitambaa kama atanipunguzia, akatikisa. Nikafurahi, nikatikisa na mimi. Tumetikisana mpaka chai ikaletwa. Kumbe mwenzangu ananifungia jora zima!"

Benchi lilicheka mpaka likalia.

"Hao ni wa mjini," Rubani akasema. "Wa vijijini hawatikisi."

"Umejuaje?" akauliza muuza nyama, jirani yake wa duka la pili.

"Nasoma."

"Sisi leo tunamtaka aliyefika, bwana. Rudisha tena hapo kwenye chai."

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kusafirishwa na Rubani. Mtu akiingia, kabla ya salamu, "Shemeji amefika wapi?" Kutoka Japani mkewe alisimulia jinsi alivyomwinamia mama mmoja kituoni kumshukuru kwa kumwonyesha njia. Mama naye akainama. Yeye akaona si adabu kuachwa nyuma, akainama zaidi. Waliinamiana hivyo mpaka treni ikaondoka, na kikundi kizima kinampungia mkono dirishani. Muuza nyama alijifuta machozi kwa shuka la kunyolea.

Kisha zikaja picha, na wivu wa Rubani ukapata mwenzake. Kila picha mkewe amesimama mbele ya hekalu, sokoni, juu ya daraja, na pembeni yake bwana mmoja mwenye kofia pana na meno meupe. Alikuwa mpiga ngoma wa kikundi.

"Huyu naye hakosi," alisema muuza nyama, shingo imepinda aone simu vizuri. "Hebu tazama. Huo mkono begani kwa shemeji ni wa nani?"

Rubani alitazama. Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi. Alipogutuka, kichwani kwa muuza nyama palikuwa na njia nyeupe iliyonyooka, kutoka paji la uso hadi utosini.

"Rubani! Umenijengea uwanja wa ndege?"

Ilibidi anyoe kichwa kizima, bure, kwa samahani nyingi. Siku hiyohiyo alitangaza kwamba simu yake imeharibika spika.

Wateja hawakununa. Waliinuka tu, wakapita pazia. Kule nyuma shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa ameshika cherehani kwa muda, naye alikuwa anatumiwa ujumbe uleule. Rubani akabaki na kiti chake, anafuta kioo kilichokwisha kung'aa, huku kicheko kikimfikia kupitia kitambaa.

Alasiri moja uzalendo ulimshinda, akasogea akatega sikio. Sauti ya mkewe ilikuwa inasema, "Jana mpiga ngoma ameniuliza tena, 'Rubani alisemaje kuhusu mji huu?' Nikawaambia ile ya mitaa inayopakwa manukato kila Ijumaa. Basi zima limekufa kwa kicheko! Sasa kila tukifika mahali, lazima kwanza wasikie Rubani alisema nini."

Nyuma ya pazia walicheka. Rubani akarudi kwenye kiti chake, akakaa yeye mwenyewe. Hata uongo wake umepata pasipoti, yeye hana.

Mkewe aliporudi, mpiga ngoma ndiye aliyemshushia begi. Alivua kofia kusalimia: kipara kitupu, mzee wa kuweza kuwazaa wote wawili. Wivu mmoja ulifia palepale. Ule mwingine ulipanda gari na Rubani hadi nyumbani. Alimpokea mke vizuri, akamwandalia maji ya kuoga, akamkaribisha chakula, ila hakumuuliza neno lolote la safari. Watoto waliuliza, majirani waliuliza. Yeye alitoka kwenda kutazama bomba lisilovuja.

Jumapili, mke akiwa anapiga pasi, alisema bila kuinua uso, "Hutaki kusikia?"

"Nakuonea wivu," Rubani akasema. Lilimtoka tu, kama chafya. "Nakuonea wivu mpaka nimemharibu jirani wa watu."

Mke alicheka. Kisha akaiweka pasi wima.

"Mimi nimekuonea wewe miaka yote. Wanakuja, wanakusikiliza, wanacheka. Mimi niko nyuma ya pazia na pini mdomoni. Kuna siku nilikuwa na maneno nikayameza."

"Mbona hukusema?"

"Ungenyamaza saa ngapi?"

Rubani alivuta kiti akakaa karibu na meza ya pasi.

"Nipe moja," akasema, "ambayo hujampa mtu."

Mke akafikiri. Akaanza kumsimulia barabara moja ya Vietnam, pikipiki kama mto, hakuna hata moja inayosimama. Alikuwa amekwama ukingoni anakaribia kulia, mara bibi mmoja mfupi, kikapu cha mboga kichwani—

"Kule kikapu hawabebi kichwani," Rubani akasema. "Wanabeba kwa mti begani, viwili, kimoja huku na ki…"

Mke alimtazama.

"Endelea," akasema Rubani, masikio yanawaka. "Kikapu kichwani. Endelea, mama."