Fundo la Saba

Kwanza zilisikika gololi. Zilisaga kwenye njia nyembamba kati ya nyumba za tofali, krik, krik, zikanyamaza, zikaanza tena. Lévi alikuwa amepiga magoti akikaza spoki za gurudumu la nyuma, na aliujua ugonjwa kabla ya kuinua kichwa: grisi imekauka, gololi mbili zimepasuka, na mwenye baiskeli hiyo ni mzembe. Akafungua mdomo amtukane. Aliyeingia hakuwa na baiskeli. Alikuwa Ezechiel, waliyemzika siku kumi na moja zilizopita, na kilichokuwa kikisaga ni goti lake la kulia.

"Umechelewa, grand," Lévi alimwambia mkubwa wake. "Tulisema Jumanne."

"Nilikuwa mu udongo, petit. Kule minibasi haipiti."

"Kaa basi."

"Hii goti haikunje. Nitasimama."

Alikuwa amevaa suti ya kuzikiwa, na udongo mwekundu ulimjaa masikioni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeinuliwa mbele ya uso, kama mtu anayejikinga jua, na haukushuka. Waliomwosha walijaribu kuushusha, wakashindwa, hata jeneza likabidi litengenezwe refu kwenda juu.

Baiskeli aliyoifuata ilikuwa imening'inia kwenye boriti kwa kamba mbili. Aliiagiza akiwa hai, ili atoke kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, apite Karonga, avuke Songwe, apande Mbeya na Sumbawanga hadi ziwani, afike kwao Fizi kwa mama yake, Annuarite, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka kumi na minne. Ilikuwa baiskeli ya safari ndefu, na Lévi alikuwa ameiunda kama mtu anayetunga wimbo wa kumshinda jirani. Fremu ilikuwa ya kijani cha jani la muhogo lililonyeshewa. Juu yake ulipita mstari wa dhahabu mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Madigadi aliyafua kutoka bati la mafuta ya kula hadi yakang'aa. Keria ya nyuma iliteremka chini ili mzigo usiyumbe, na tandiko lilikuwa la ngozi ya mbuzi, limekandwa siku nne.

Lévi alikuwa mshonaji huko Uvira kabla ya kuwa fundi wa baiskeli, na alimpima mtu kwa ajili ya baiskeli kama alivyokuwa akimpima suruali. Hakutumia futi. Alitumia uzi mweusi, akafunga fundo kwa kila kipimo: nyonga hadi kisigino, goti, unyayo, kiuno, mgongo, upana wa mabega, na mwisho bega hadi ngumi. Mafundo saba, mtu mmoja, uzi mmoja. Mafundi wengine wa kambi walipandisha tu tandiko na kulishusha, kama wanavyofanya kwa baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria. "Baiskeli yao inakupanda," Lévi alipenda kuwaambia wateja. "Yangu unaipanda we."

Akaishusha, akaiegemeza juu ya matofali, akamsaidia Ezechiel kupanda. Mguu wa kulia haukuzungusha pedeli. Mkono wa kushoto ulielea juu ya usukani, haukuushika.

"Mwili niliopima si huu," Lévi alisema.

"Njo huu wenye nilibakiwa nao."

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, mapigo yakaja. Hakukuwa na mtu aliyeyapiga. Ulisikika mvumo wa chuma hewani, kisha mfupa. La kwanza lilimwangusha Ezechiel kutoka kwenye tandiko. La pili na la tatu yalimkuta chini, begani, mahali palepale. Yalikuwa tisa. Damu iliruka hadi kwenye mlango wa Ernestine, mkaanga mandazi wa jirani, naye akaivuta karai yake hatua moja ili mafuta yasiharibike.

"Kila siku?" aliuliza Ernestine.

"Kila siku, mama. Saa ileile." Ezechiel alitema jino. "Ya sita njo iko mbaya. Zingine unazizoea."

Aliposimama, bega la kulia lilikuwa limeshuka vidole viwili kuliko lilivyokuwa saa kumi. Lévi akatoa uzi akapima upya, akaelewa hatari iko wapi. Kila jioni mteja wake angekuwa mtu mwingine. Baiskeli ya leo isingemfaa kesho.

"Petit, ufanye haraka," Ezechiel alisema. "Nikifika Fizi, mama anijue. Asinikute kipande-kipande, ikabidi aulize batu huyu ni nani."

Lévi alifanya kazi siku tatu. Alikata mkono wa pedeli ya kulia ukawa mfupi, ili goti lisizunguke sana, na goti lenyewe akalipaka grisi nzito ya ekseli, likaacha kusaga. Alinyanyua tandiko, akaliinamisha kushoto. Kilichomshinda ni usukani. Alikunja waya kwa kufuata mkono ule ulioinuliwa hadi akapata umbo lake kamili, mkunjo mmoja mkali karibu na katikati. Lakini bomba lolote alilolipasha moto na kulikunja kwa umbo hilo lilijinyoosha lenyewe likipoa.

Arlette, mjane wa Ezechiel, alikuja na chakula. Alimpa mumewe nsima, ule ugali wa huku, akamtazama akiiviringisha kwa mkono mmoja bila kuila. Kisha akauona waya.

"Hii sura naijua," alisema. "Mi njo nilimwosha. Iko kwa mfupa wake. Ni ile chuma ya mlango wa Mateyu."

Mateyu alikuwa jirani yao huko mjini, mtaa wa Chilinde, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ukuta kwa ukuta na duka la mashati la Ezechiel. Wiki ilipotangazwa kwamba wakimbizi waondoke mjini warudi kambini, Mateyu na vijana sita walikuja kumsaidia Ezechiel kuhama kabla hajaanza kufunga mizigo. Mateyu alikuja na nondo aliyofungia mlango wake usiku, akampiga nayo mara tisa, saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Chilinde nzima ilijua. Polisi waliyaandika kwenye karatasi, na karatasi ikawekwa kwenye droo.

"Tukiichomelea kwa usukani," Ezechiel alisema, "itakuwa chini ya mikono yangu. Itanipiga na nini?"

Arlette alikuwa ameshika uzi wa kwanza, ule aliopimiwa Ezechiel huko Chilinde siku aliyopigwa. Naye alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikuwa kando ya kanisa. Aliuvuta kati ya vidole taratibu, akihesabu.

"Shemeji. Ulituambia ulimpima asubuhi, ukamaliza, ukarudi kambini."

"Njo vile."

"Fundo ya saba iko wapi?"

"Nilisahau."

Ezechiel alitazama nje. Arlette alimtazama Lévi, mtu ambaye hajawahi kusahau fundo hata akipima akiwa na malaria, akauzungusha uzi kidoleni, akautia kifuani. "Kesho naenda na we Chilinde," alisema.

Walifika saa nne asubuhi. Mateyu alikuwa amebomoa ukuta wa katikati, duka lake sasa lilikuwa na milango miwili. Mashati ya Ezechiel yalining'inia kati ya mifuko ya simenti. Mateyu alizungumza Kiswahili alichokiokota Tunduma akifuata bidhaa.

"Mayi, karibu mama. Achimwene, kaka yetu, anaendeleaje?"

"Anataka kusafiri," Arlette alisema. "Tumekuja kuomba ile nondo."

"Safari ni jambo jema." Mateyu aliitoa nyuma ya mlango, akaipangusa kwa kitambaa. Mkunjo wake ulikuwa uleule wa waya. "Chukueni. Tangu siku ile imepinda, haifungi vizuri." Kisha akamwona Lévi, akatabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. "Wewe! Wewe ndiye uliyeondoka na baiskeli yake. Eh, ulipiga pedeli, bwana! Yeye anaita Lévi, Lévi, na wewe ulishapita soko. Niliwaambia vijana, yule angekuwa na namba kifuani angeshinda."

Arlette aliitazama ile nondo.

Lévi aliishika kwa mikono miwili, akampiga Mateyu ubavuni. Alipiga kwa nguvu zote za kiburi chake na za siku zote ambazo hakusema. Kishindo kilikuwa kizito, simenti ikatoka vumbi. Mateyu alijikuna pale mahali kama mtu aliyeumwa na mbu, akamgeukia mteja aliyetaka misumari ya inchi tatu. Lévi akampiga tena, kichwani. Mteja alisogea pembeni ili asiwazuie.

"Umemaliza?" Mateyu aliuliza. "Kuna watu wanangoja."

Simu ya Arlette ililia. Alikuwa Ernestine, kutoka kambini.

"Arlette, leo yamekuja mbele ya saa. Mawili tu. Ubavu umevunjika na sikio limetoka. Nimeliweka kwa sahani."

Nondo ile ilikuwa imemjua mtu mmoja tu, na haikuwa na haja ya mwingine. Lévi aliifunga kwenye gunia. "Zikomo, asanteni," Mateyu aliwaambia walipotoka, "mwambieni asitusahau."

Katika minibasi, karibu na njia panda ya Dowa, Arlette alimgeukia Lévi.

"Alikuita mara ngapi?" Arlette aliuliza.

"Nne. Ya nne nilikuwa mbali, labda alikuwa anaita Mungu."

"Na velo, ile baiskeli yake?"

"Iko chini ya kitanda yangu. Sijaipanda tena."

Arlette alishika gunia mapajani mwake hadi walipofika.

Ezechiel aliwapokea akiwa ameegemea ukuta. "Ile ya kichwa ilikuwa ya kwako, petit. Niliijua. Mateyu anapiga na kiwiko, we unapiga na bega zima." Akacheka, kisha akashika ubavu.

Jioni ile Lévi aliichomelea nondo kwenye shina la usukani. Ilikubali kama iliyokuwa ikingoja. Mkono ulioinuliwa ulipata pa kukaa. Lévi akataka kuipaka rangi ya kijani, ifanane na fremu, Ezechiel akakataa. Kwa urembo hakuwa mtu wa kuridhika haraka hata alipokuwa hai. Arlette akachana ukingo wa kitambaa chake cha msiba, wakakiviringisha, cheusi, kwenye nondo kuanzia katikati hadi ncha. Kijani, dhahabu, cheusi. Ezechiel alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa upande wenye sikio.

"Sasa iko velo," alisema.

Ilipofika saa kumi na moja na dakika kumi alikuwa juu ya tandiko, ameshika. Nondo ilitikisika chini ya mikono yake kama mbuzi aliyevutwa kamba. Ikatikisika mara tisa, ikatulia. Hakuanguka. Ernestine aliirudisha karai yake mahali pake.

Aliondoka alfajiri, na jerikeni mbili na sahani yenye sikio zimefungwa kwenye keria. Kabla hajapanda, Arlette alitoa uzi kifuani, akampa Lévi bila kumtazama. Lévi akapima, bega hadi ngumi, mkono wa kulia, ule aliokuwa amenyooshewa siku ile Mateyu alipoingia. Alipima mara mbili. Kisha akalifunga fundo la saba. Ezechiel akautia uzi mfukoni mwa suti.

"Mama ataniuliza nani alikuwa na mi," alisema.

"Umwambie," alisema Lévi.

Waendesha kabaza kwenye njia panda walimpisha. Mmoja alimpigia kelele kwamba baiskeli nzuri hivyo imemwangukia mzee mbovu hivyo, naye akapiga kengele. Mgongo wake ulinyooka, goti halikusaga, mstari wa dhahabu ulionekana hadi kwenye mkunjo wa barabara. Huko Chilinde, wakati huohuo, Mateyu alikuwa akifungua milango yake miwili. Alikuwa amekata nondo mpya, nene kidogo kuliko ya kwanza.

Arlette alibaki barabarani, mikono kifuani.

"Watakuja tena, kwa mwingine," alisema. "We utakuwa mlangoni tena, na velo itakuwa karibu."

Lévi akajibu kwa sauti, hata Ernestine akainua uso kutoka kwenye mafuta:

"Shemeji Arlette, Siku ya Mungu, Jumapili hii, nitasimama kanisani, niseme nilikuwa pale na nilikimbia na velo ya nani. Na mtu nikianza kumpima, hata wakibomoa nyumba juu yetu, sitatoka bila fundo la saba."