Balbu Moja Haijapatikana

Kwa miezi kadhaa mume wangu alikuwa na jibu moja kwa kila kilichoharibika nyumbani. Taa ya ukumbini inapepesa? "Subiri mtambo mpya." Feni ya chumbani inajizima usingizi ukikolea? "Subiri mtambo mpya, mke wangu." Hata bomba la jikoni lilipoanza kudondosha maji, nilimwona anafungua kinywa. Nikamwonyesha mwiko, akakifunga.

Yeye ni fundi wa majokofu, na mikono yake haijawahi kunitia aibu mbele ya watu. Lakini tangu alipojua kwamba taa na feni zote za nyumba zinaweza kuongozwa na kisanduku kimoja juu ya kabati, pamoja na simu mkononi, akili yake haikurudi yote. Kisanduku cha kwanza kilikuwa kizito cha kuelewa. Ukikiamuru kiwashe taa ya bafuni, kilitafakari mpaka mtu ameshaoga gizani. Hiki kipya, alisema, kingesikika na balbu hata ng'ambo ya kuta.

Siku kilipofika alikipandisha ngazi zote amekipakata kama mtoto mchanga. Nami niliomba kwa moyo wangu wote: Ee Mola, kipe kitu hiki akili, na mume wangu mpe kiasi.

Kuhama kutoka kisanduku cha zamani kwenda kipya kukaanza. Nilidhani kuhama ni kuchomoa kimoja na kuchomeka kingine. Kumbe kila balbu lazima ibembelezwe: iwashwe, izimwe, iwashwe tena, mpaka ipepese kuonyesha imekubali. Nasoma masomo ya jioni. Nimechelewa kuanza na sitaki kuchelewa kumaliza. Niliporudi kutoka darasani nilikuta nyumba giza totoro, mume wangu juu ya ngazi, simu ameing'ata kwa meno.

"Usiguse swichi!"

"Nitaonaje pa kuweka mguu?"

"Papasa."

Nikapapasa. Hesabu zangu nilizifanyia bafuni, kwa kuwa taa ya bafuni ndiyo pekee iliyokuwa imegoma kuhama.

Jioni iliyofuata hata hiyo ya bafuni ilikuwa imesalimu amri. Ilibaki moja.

"Simu inasema kuna balbu ya akiba," alisema. "Iko hai! Nikiiwasha inajibu imewaka. Nikiizima inajibu imezimika. Sasa iko wapi? Umeiweka wapi?"

"Mimi na balbu zako wapi na wapi," nilijibu bila kuinua uso kutoka kwenye daftari.

Akazunguka chumba hadi chumba akiwasha na kuzima kitu asichokiona. Alifungua hata jokofu.

Kesho yake, nikipanda ngazi kutoka darasani, Shangazi alinidaka mlangoni pake. Si shangazi yangu wa damu. Ni mjane wa mlango wa pili, na jengo zima linamwita hivyo. Ndiye anayetushikia funguo, na ndiye aliyenirudisha darasani siku nilipotaka kuacha kwa aibu ya kukaa na watu niliowazidi umri. Ukuta wa sebule yake ndio ukuta wa sebule yetu. Jioni hiyo alikuwa amevaa viatu ndani ya nyumba.

"Ingia, mwanangu. Nyumba yangu imeingiliwa."

"Na wezi?"

"Mwizi angechukua kitu. Huyu anacheza na taa tu. Inawaka, inazimika, na mimi nimekaa pale, swichi sijaigusa."

Sanduku lilikuwa wazi sakafuni, limejaa nusu. Alikuwa amempigia mwanawe aje na gari Jumamosi amhamishe.

"Niliingia humu bibi harusi," alisema. "Sitaki kuondoka. Lakini naogopa. Na mwanangu ananiambia nimezeeka, naona vitu."

"Tuombe," nikasema, kwa kuwa hilo ndilo ninaloliweza.

Tukapiga magoti kando ya kochi. Taa ilikuwa imezimika, chumba kimeanza kuingia kiza. Shangazi aliomba mwenyewe: "Ee Mola, mimi si mbishi. Ukitaka niondoke, washa taa hii. Ukitaka nikae, iache ilivyo."

Taa ikawaka.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema "Amina" kwa sauti ndogo, akainuka, akaanza kukunja shuka.

Mimi nilibaki magotini. Ndipo nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: "Imewaka! Imewaka, lakini wapi?" Taa ikazimika. "Imezimika!" Ikawaka.

Nikaitazama ile balbu. Shingo yake nene niliijua. Mimi mwenyewe niliitoa kabatini kwetu nikampa Shangazi siku balbu yake ilipoungua. Balbu ni balbu, nilidhani.

Nilitamani kulia. Mtu ameomba kwa moyo wake wote, amejibiwa, halafu ni mimi wa kumwambia kwamba jibu lake limetoka kwa fundi jokofu aliyevaa fulana.

"Shangazi, weka shuka chini."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameikumbatia shuka.

"Kwa hiyo nilikuwa nazungumza na mumeo."

"Ulizungumza na Mungu, Shangazi. Aliyedakia ni mume wangu."

Alizima swichi, akapanda kigoda kabla sijamzuia, akaifungua balbu kwa kitambaa, akatoka nayo. Nikamfuata.

"Ndiyo hii!" mume wangu alipaza sauti. "Zote zimetimia! Shangazi, umeipata wapi?"

"Darini kwangu. Ilikuwa ikinifukuza."

Mume wangu akacheka, akitungoja tucheke naye.

"Nilishaanza kufunga sanduku, baba. Jumamosi nilikuwa naondoka."

Akaacha kucheka. Akanigeukia. "Nani alimpa hii balbu?"

"Mimi. Na nani alikuwa anaiwasha?"

Aliweka simu mezani. Tangu kisanduku kifike sikuwa nimemwona akiiweka chini. Akamwomba Shangazi msamaha kwa kichwa kilichoinama, akashuka dukani, akarudi na balbu ya kawaida na kuifunga sebuleni kwa Shangazi.

Shangazi alibonyeza swichi. Ikawaka. Akazima, akasimama akiikodolea macho kama anayemngojea mtoto mtundu arudie. Haikurudia. Ndipo akampigia mwanawe.

"Jumamosi usije na gari la mizigo. Njoo na wajukuu. Na jambo lingine: sikuwa naona vitu. Vilikuwapo."

Alikata simu, akavua viatu, akavipanga mlangoni. Kisha akamtazama mume wangu.

"Na lile bomba lenu nalisikia ukutani kila jioni, to, to, to. Hilo nalo linasubiri mtambo?"

Mume wangu akaenda kutafuta spana.