Mgomo Uliofuata Kanuni

Waheshimiwa wasomaji, mabibi na mabwana, na nyinyi wa viti vya nyuma mnaodhani hamwonekani: kwa unyenyekevu mkubwa inaletwa mbele yenu habari ya mapambano matukufu ya wafanyakazi, mapambano yaliyoitikisa bahari.

Bahari haikutikisika. Kilichotikisika ni meza moja ya chumba cha kulia chakula, yenye mguu mbovu, na mezani hapo alikaa mateka, akilalamika kwamba chai haina sukari.

Mateka mwenyewe alikuwa mkuu wa jukwaa la mafuta, yaani lile dude la chuma lililosimama katikati ya maji kwa miguu minne, ambako mtu akitaka kunyoosha miguu huzunguka mabomba yaleyale aliyoyazunguka jana. Na aliyemlinda alikuwa mwendesha winchi. Wenzake walimwita Shingo, maana miaka ya kuchungulia mizigo kutoka juu kibandani ilikuwa imempinda shingo, hata akikusalimia unadhani anatafuta kitu ulichodondosha. Nyumbani alikuwa kitindamimba wa mama yake, na mama yake alikuwa kitandani hospitalini, hali mbaya.

Shingo hakuwa na ugomvi na mtu. Alitaka kwenda kumwona mama basi. Lakini kampuni ilikuwa imewafukuza kazi wenzao wa zamu ya pili wakiwa nchi kavu, wamelala zao, halafu ikawaambia waliobaki jukwaani wafanye zamu zote mbili. Likizo zikafutwa. Boti ya kuwarudisha nyumbani haikuja. Ndipo watu wakagoma, na siku ya mgomo wakaenda kumteka bosi.

Walibisha hodi kwanza.

"Bosi, samahani," alisema Fundi Bomba, mwenyekiti wa mgomo. "Tumekuja kukuteka."

"Sasa hivi?"

"Kama una nafasi."

Mkuu akatafuta bunduki kwa macho, akakuta hakuna bunduki, ila wanaume wenye spana. Akainuka. Hawakumtoa nje mpaka wamemvalisha kofia ngumu, kwa sababu njia ilipita chini ya winchi, na kupita hapo kichwa wazi ni kosa. Kwenye ngazi mmoja akamwambia, "Shika reli, bosi, pana utelezi." Kisha wakamfunga mikono kwa kamba, fundo zuri la kitaalamu, wakamuuliza kama linambana.

Msiwacheke. Watu hao walikuwa wamefundishwa kanuni kama sisi tunavyofundishwa kengele ya bwenini, na kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa ya king'ora. Kikilia, unaacha kila kitu, unavaa jaketi la kuokolea, unakimbilia mashua yako, unajipanga, unaitwa jina. Kila wiki walifanya zoezi hilo, na wa mwisho kufika aliosha masufuria ya mpishi. Hatimaye hawakusikia tena kwa masikio. Miguu ndiyo iliyosikia.

Kampuni ilijibu kwa redio kwamba haizungumzi na wahalifu. Ikatuma helikopta ya polisi. Helikopta ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Haikuweza kutua, kwa kuwa wagomaji walikaa kitako katikati ya uwanja wake wakipokezana zamu. Silaha yao yote ilikuwa hiyo, makalio yao juu ya ule mviringo wa rangi nyeupe.

Mchana ule dada yake Shingo akapiga simu. Shingo akaipokea palepale mlangoni, jicho moja kwa mateka.

"Mdogo wangu, mama anakuulizia. Nimemwambia uko njiani."

"Mbona umemwambia hivyo, dada?"

"Ulitaka nimwambieje? Kwamba umemteka bosi wako?"

"Hajatekwa sana. Anakula."

Dada hakucheka. "Daktari ameacha kunipa maneno mengi," alisema. "Njoo. Sijui utakujaje, lakini njoo."

Shingo akapanda juu kwa Fundi Bomba, aliyekuwa ameketi uwanjani na wenzake, jua likiwachoma visogo.

"Mwenyekiti, tuyaache haya."

"Tukiachia leo, waliofukuzwa ndiyo basi tena, na sisi tunawafuata. Vumilia, ndugu yangu. Mama zetu wote wanazeeka."

"Wangu hazeeki tena. Anakata roho."

Fundi Bomba akajifuta uso kwa kofia yake. Aliwatazama wale waliokaa, akamtazama Shingo, akasogea kidogo kumpa nafasi ya kukaa. Jibu lake lilikuwa hilo. Shingo hakukaa. Akashuka kwenye zamu yake ya ulinzi.

Haukupita muda, mkuu wa jukwaa, mjanja kama kaka mkuu wa bweni, akaponyoka mikononi mwa Shingo, akaruka meza, akavunja kioo cha king'ora kwa kiwiko, akabonyeza.

King'ora kikalia, na miguu ikasikia. Uwanjani watu wote waliinuka kama mmoja. Fundi Bomba mwenyewe alikimbia akifunga jaketi. Wakajipanga mbele ya mashua zao, wafupi mbele, warefu nyuma, majina yakaanza kuitwa, "Nipo", "Nipo", na walikuwa karibu kumaliza waliposikia helikopta ikitua taratibu kwenye uwanja mtupu, juu ya vichwa vyao. Polisi walishuka wakiwa wamejiandaa kwa vita, wakakuta gwaride la majaketi ya rangi ya machungwa. Walichofanya ni kupita mstarini wakifunga pingu.

Dada yake Shingo alikwenda kituo cha polisi kuomba ndugu yake apelekwe hospitalini, hata kwa ulinzi, hata kwa dakika chache. Akaambiwa arudi kesho. Kesho akaambiwa mwenye faili hayupo. Alipokwenda mara ya tatu hakuwa tena na cha kuomba, alikwenda kumpa taarifa ya msiba. Kazi hakuna aliyerudishiwa, wa nchi kavu wala wa jukwaani.

Hapa ndipo habari ilipokusudiwa kuishia. Lakini dada huyo wa Shingo ni mama yangu, naye ameisoma karatasi hii akiwa amesimama.

"Yule mzee ana umri wa babu yako na goti bovu," amesema. "Tena mikono imefungwa. Aliruka meza gani?"

Nimejaribu kusema labda meza ilikuwa fupi. Amenirudishia karatasi.

Basi. Ni mjomba aliyebonyeza. Mkuu alimwambia, "Hili likiisha leo, helikopta ya kwanza ni yako," na mjomba akavunja kioo. Ahadi ilitimizwa: alipanda helikopta ya kwanza, na pingu mkononi kama wenzake. Mama aliambiwa na mjomba mwenyewe, chumba cha wageni gerezani, kwa sauti ya chini, kwa sababu wenzake walikuwa karibu. Wao hawajui. Wanadhani mateka aliwazidi ujanja. Wanampa pole ya mama yake, wamemwachia mahali pa kulala penye hewa, na Fundi Bomba humgawia sabuni yake. Mjomba huipokea.

Niliona aibu kuyaandika, nikamtwika mzee mwenye goti bovu.