Siku ya Tisa ya Mafunzo

Katika chumba cha kutengenezea madaftari walikuwamo wanawake kumi na wawili, na hakuna aliyemfikia Chapchap kwa kasi ya mikono. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka kumi na sita alikaa benchi lile lile, akikunja karatasi, akibana pini, akipaka gundi, mpaka kidole gumba chake kikalainika, alama zikafutika, hata simu ikakataa kukitambua. Wenzake walimtania kwamba akiiba benki, polisi watabaki kutazamana.

Kisha ikaja mashine. Meneja alitangaza kwamba itakunja, itabana na itakata yenyewe, na waendeshaji wake watakuwa wanne. Wasiochaguliwa, kazi yao ingeishia hapo.

"Nafasi ziko wazi kwa wote," alisema. "Mwanamke, mwanamume, atakayefuzu. Mafunzo ni siku kumi, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja. Atakayekosa hata siku moja ajihesabu ametoka."

"Wazi kama choo cha stendi," mbana pini wa benchi la pili akamnong'oneza Chapchap. "Ingia uone."

Saa kumi na moja ni saa ya watoto kuchukuliwa, mabomba kutoa maji, vyungu kuwekwa motoni. Wanawake watano walijiandikisha. Kufikia siku ya nne alibaki Chapchap peke yake, katikati ya wapakiaji wanane wa kiume, waliozoea kubeba makreti ghalani.

Aliweza kwa sababu ya wifi yake. Nyumbani alikuwapo mama mkwe, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka uliopita. Alihitaji kugeuzwa kila baada ya saa chache na kubadilishwa nguo kabla giza halijaingia, la sivyo mgongo ulichubuka. Wifi, dada wa mumewe, alishinda naye mchana, na kwa siku hizo kumi alikubali kukaa mpaka usiku.

Siku ya saba, Chapchap alimkuta amesimama mlangoni, uso umejaa furaha na aibu.

"Wifi, nimeitwa kazini."

"Lini?"

"Kesho. Usafi wa maofisi, saa tisa mchana mpaka saa nne usiku. Nikiwaambia wanisubiri siku tatu, nyuma yangu kuna wanawake mia." Akashusha sauti. "Miaka minne napeleka barua. Ungekuwa wewe?"

Chapchap alitaka kukasirika, lakini hasira ilikosa pa kukaa. "Ningekwenda hata pekupeku," alisema, akamwazima viatu vyake vyeusi.

Jirani wa kulia alikuwa na watoto wanne na mimba. Wa kushoto alisema kila mtu abebe mgonjwa wake. Akabaki mume, fundi rangi, aliyekuwa akirudi nyumbani saa kumi.

"Siku tatu tu," Chapchap alimwambia. "Umgeuze, umbadilishe, umpake mafuta mgongoni."

"Nimvue nguo mama yangu?"

"Yeye alikuvua mara ngapi?"

Mume akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Haya. Sitakufa."

Siku ya nane walifundishwa kubadilisha kisu cha mashine. Wapakiaji walirudia mara tatu, mara nne. Chapchap alipatia mara ya kwanza.

"Mwangalieni huyu mama," alisema mkufunzi. "Mkilala atawaacha na makreti yenu." Wanaume wakacheka. Chapchap naye akacheka, na njia nzima ya kurudi nyumbani alijiona mrefu.

Mumewe alikuwa ameketi kizingitini. Beseni la maji lilikuwa limepoa miguuni pake, na taulo lilikuwa kavu begani. Hakuinua uso. Ndani, harufu ilimpokea Chapchap kabla ya mtu. Shuka ilikuwa imelowa chapachapa, na kidonda cha mgongoni, kilichokuwa kimeanza kufunga, kilikuwa kimefunguka.

"Usimgombeze," alisema mama mkwe, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. "Alikuja na beseni lake. Mimi ndiye niliyemfukuza."

"Kwa nini, mama?"

"Mguu umekwenda, mkono umekwenda. Nimebaki na nini? Mwanangu hataniona uchi nikiwa na akili zangu." Akavuta pumzi. "Kesho nenda kwenye mafunzo yako. Nitalala hivi hivi. Mkojo hauui."

Lakini kidonda huua, na hilo wote wawili walilijua.

Siku ya tisa, wapakiaji wakiingia mafunzoni, Chapchap alikuwa ofisini kwa msimamizi na mkoba mkononi. Aliomba aende nyumbani, arudi saa kumi na mbili.

"Mama, ingekuwa ni mimi ningekuruhusu," alisema msimamizi. "Lakini ni kanuni ya meneja."

Kila mtu angemruhusu, kama tu angekuwa mtu mwingine. Akaondoka. Alimgeuza mama mkwe, akamsafisha, akamfunga kidonda. Mume alichota maji na kuosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na ambalo halikubadili kitu.

Jumatatu majina manne yalibandikwa mlangoni. Wote ni wapakiaji.

Siku hiyo hiyo mashine ilizinduliwa mbele ya wageni wa meneja, na mara ikakwama. Ilinyonya karatasi mbili mbili, ikazitafuna, ikapiga kelele. Wanaume walifungua hapa, wakafunga pale. Kutoka benchini kwake Chapchap aliona tatizo: karatasi zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, na hakuna aliyezipepea. Mbana pini alimtazama, akatikisa kichwa polepole. Nyamaza. Waache wafe nayo.

Alikusudia kunyamaza. Mikono ndiyo iliyotangulia. Alinyanyua rundo, akalikunjua kama upepeo, akalipuliza, akaligonga mezani pande mbili, akalirudisha. Mashine ikameza bila kukoroma.

"Hebu tena," alisema mwendeshaji mpya. Alimwonyesha tena. Mara ya tatu yule bwana alifanya mwenyewe, akapatia. Miaka kumi na sita ilihama mkono kwa mkono kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

"Ahsante, dada," alisema, naye alisema kwa dhati.

Ijumaa zilitoka barua kumi na mbili za kuachishwa kazi. Meneja alieleza kwamba kampuni haibagui mtu, na kwamba hakuna mwanamke aliyekataliwa. Hakudanganya. Chapchap alitafuta uongo katika maneno yale apate wa kumlaumu, akaukosa.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Wifi alikuwa tayari amekwenda kazini.

"Mbona mapema?" aliuliza mama mkwe.

"Sasa nitakuwapo, mama. Asubuhi na jioni."

Mama mkwe alielewa. Jicho lake la upande uliopooza likajaa maji, na mkono wa kulifuta ulikuwa ule uliokufa.

"Nigeuze," alisema. "Nielekee ukutani."

Chapchap akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, akamgeuza taratibu, bila kumuumiza.